Mabingwa Wetu Wanabeba Nyanya

Kila mwaka, kwa siku nne, Kenya huhamia Naivasha. Barabara ya Nakuru inageuka mto wa Subaru, vyumba vinapanda bei mpaka watu wanalala kwenye magari, ma-DJ wanapiga hadi asubuhi, na Jumatatu watu wanarudi mjini wakiwa na vumbi masikioni. Muulize yeyote aliyetoka Vasha ngoma zilikuwaje, atakusimulia mpaka chai ipoe. Muulize nani alikuwa na muda bora pale Sleeping Warrior. Atakuangalia kama mtu aliyeombwa mkopo.

Sina ugomvi na waliokwenda kucheza. Nchi hii ina sababu chache za kucheza, kwa hivyo acha wacheze. Ugomvi wangu ni na wale waliotuuzia Safari Rally kama mali ya kila Mkenya, wakaingiza pesa za umma ndani yake, kisha wakatuachia nafasi mbili tu: usimame kando ya njia ule vumbi, au uuze maji ya chupa kwa wanaokula vumbi. Nafasi ya tatu, ile ya nyuma ya usukani, imefungwa kwa kufuli ya mamilioni. Naandika haya nikiwa Kagio, mji ambao madereva wake wakali wanalala mchana, kwa sababu usiku wanabeba nyanya.

Tuanze na dereva wa rali mwenyewe, kwa sababu katika kelele hizi zote ndiye anayesahaulika. Na simaanishi Mfini au Mfaransa aliyeletwa na kiwanda. Namaanisha yule Mkenya anayeanza nyuma kwenye foleni, jina lake likitajwa redioni mara moja, tena vibaya.

Wikendi yake inaanza siku kadhaa kabla ya wikendi yako. Kwanza anakagua njia. Yeye na nevigeta wake wanaruhusiwa kupita kila steji mara mbili tu, polepole, kwa gari la kawaida. (Steji hapa si ile ya matatu. Ni kipande cha njia kilichofungwa, saa ikihesabu.) Dereva anasema, nevigeta anaandika: kushoto ya nne, mita mia, mgongo wa kilima, kulia inayofunga, jiwe upande wa ndani. Daftari hilo ndilo macho yao. Siku ya mashindano, vumbi likishafunika kioo, dereva anaendesha kwa masikio. Nevigeta akipotea mstari mmoja, wote wawili wamepotea.

Kisha gari linakaguliwa: mabomba ya chuma yanayolinda kichwa gari likipinduka, mikanda, helmeti, nguo zisizoshika moto. Kisha kuna mbio fupi za kulijaribu gari. Kisha bendera inapepea, na wanasiasa wanapiga picha. Hapo ndipo televisheni inapendezwa zaidi. Dereva naye anajua kwamba kazi bado haijaanza.

Kazi ni Ijumaa. Loldia, Geothermal, Kedong. Kedong kuna lile vumbi wanaloliita fesh-fesh, laini kama unga wa chapati, lenye kina cha kumeza gurudumu. Magari makubwa ya viwanda yanapita kwanza. Yanapopita yanachimba, yanang'oa mawe yaliyokuwa yamelala chini kwa amani, yanaacha mitaro miwili mirefu. Mkenya wetu anaingia baadaye, kwenye njia ambayo si tena ile aliyoiandika kwenye daftari. Lile "jiwe upande wa ndani" sasa liko katikati. Bomba la kuvutia hewa limepandishwa juu ya bodi ili injini isinyonye vumbi wala maji, lakini yeye na nevigeta wanalinyonya vizuri tu. Ndani ya gari ni joto la jikoni. Pundamilia hajasoma ratiba.

Jumapili, kama bado wanatembea, ni Hell's Gate. Kati ya siku hizo kuna ule uwanja wa matengenezo hapo Naivasha, ambapo mafundi wanapewa dakika 45 jioni kurudisha uhai kwenye kitu kilichopigwa mchana kutwa. Timu ya kiwanda ina mafundi waliopangwa kama timu ya upasuaji. Timu ya Mkenya wetu ina mafundi hodari vile vile, ila wanajua hesabu moja ambayo wale wengine hawaijui: kifaa hiki kikivunjika kesho, hakuna kingine. Kwa hivyo dereva anaambiwa maneno ambayo mwanamichezo hapaswi kuambiwa: punguza, tumalize tu.

Fikiria hilo. Umefanya kazi mwaka mzima, umebembeleza wafadhili, umefika kwenye siku nne ambazo dunia nzima inatazama, na amri unayopewa ni usishindane. Umalize tu. Mwaka 2021, rali iliporudi kwenye ratiba ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002, Onkar Rai alimaliza wa saba. Wa saba! Kwa mtu anayeelewa mchezo huu, hilo ni jambo la kuimbiwa. Lakini nenda barabarani leo, uliza kijana yeyote mwenye kofia ya Safari Rally, Onkar Rai ni nani.

Sasa tuongee pesa, maana hapo ndipo kufuli ilipo. Gari la daraja la Rally2, la pili kwa ukubwa, linazidi euro 200,000. Hata Rally3, daraja lililobuniwa ili mchezo uwe rahisi kuingia, lilitoka na bei ya karibu euro 100,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 12, kabla hujanunua tairi moja, kabla hujalipa fundi, mafuta, ada, bima, lori la kubeba gari. Hapa Kagio, milioni 12 ni shamba, nyumba na kanta mbili, na bado chenji inabaki ya kuoa.

Kuna watakaoniambia: ndugu, rali ni mchezo wa matajiri, umekuwa hivyo tangu zamani. Nimeusikia huu wimbo. Una ukweli nusu, na nusu hiyo tuichimbe vizuri.

Ni kweli mchezo huu haukuanzishwa kwa ajili yetu. Safari ya kwanza ilikimbizwa kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Elizabeth wa Pili, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Kwa hivyo katika siku zile zile ambapo walowezi walikuwa wakikimbiza magari nchi tatu kumfurahia malkia, watu wa upande huu wa mlima walikuwa wanaishi chini ya amri za kutotoka nje na vibali vya kusafiri. Mashamba ya mpunga ya Mwea, hapa jirani, yale yanayotupa pishori tunayojivunia, yalianza kuchimbwa miaka hiyo hiyo kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini. Mmoja anavuka mipaka mitatu kwa mchezo, mwingine hawezi kuvuka mto kwenda kumzika nyanyake bila karatasi. Hiyo ndiyo mizizi ya rali yetu, na sijawahi kusikia ikitajwa KICC bendera ikipepea.

Lakini nusu ya pili ya ukweli ni kwamba watu waliichukua. Rali ilikuja Pasaka, ikakimbia maelfu ya kilomita kwenye barabara za kila siku, ikiuzunguka Mlima Kenya miaka mingi, katika msimu wa mvua ndefu. Wazee wa huku watakuambia walivyokesha kando ya njia na taa za koroboi kusubiri ngurumo. Gari likikwama kwenye matope, ni wanakijiji waliolisukuma. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza saba tena. Na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, dereva wa hapa hapa Afrika Mashariki, akiwa na Peugeot 404, gari ambalo ndugu zake walikuwa wakibeba abiria na viazi. Hadi 1972, alipokuja Hannu Mikkola na Ford Escort yake, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyekuwa ameshinda. Karibu miaka 20! Walikuja na viwanda vyao, wakashindwa na watu waliozijua mashimo.

Mtazame Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, akakulia kwenye kazi ya gereji. Mwaka 1965 alishinda Safari na nduguye Jaswant wakiwa na Volvo iliyotumika, ambayo kiwanda kilikuwa kimeikimbiza na kuiacha. Nasema tena: gari la mtumba. Fundi na ndugu yake, na gari la mtumba, wakawapiga wote. Baadaye akaongeza ushindi wa 1974 na 1976. Mtazame Patrick Njiru, jina ambalo ukiliita kwa sauti sokoni Kutus watageuka wanaume kumi. Mwaka 1993 alipewa Subaru Vivio, kagari kenye injini ya cc 660. Colin McRae alikuwa na Vivio kama hiyo, akaondoka kwa kasi, gari likavunjika. Njiru aliifikisha mwisho, wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Hakuishinda Safari, na kwa zaidi ya miaka 70 hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kuishinda. Lakini kila mtoto wa huku aliyeona ile Vivio alielewa kitu ambacho hakihitaji maelezo: kumbe inawezekana.

Kwa hivyo ukiniambia rali ni ya matajiri tangu zamani, nitakuuliza: je, mlango ulikuwa umefungwa kabisa, au kulikuwa na ufa? Kulikuwa na ufa. Tulichofanya tangu 2021 ni kuuziba kwa saruji na kupaka rangi ya bendera.

Sasa njoo Kagio. Siku za soko huwezi kutembea hapa. Nyanya kwenye kreti, vitunguu, maharagwe mabichi, hoho, ndizi, zimepangwa hadi kwenye lami. Jioni kanta zinapakiwa. Dereva anakunywa chai nzito, anafunga turubai, anaondoka kupitia Sagana kuelekea Nairobi. Lazima afike Marikiti usiku wa manane, maana anayefika kwanza ndiye anayeuza kwa bei, na anayefika jua limechomoza anauza kwa huruma ya mnunuzi. Ana tani kadhaa mgongoni za kitu ambacho kikitikiswa sana kinakuwa supu. Kwa hivyo anaendesha haraka na kwa upole, vyote viwili pamoja, gizani, kwenye barabara ambayo matuta yake hayana rangi na punda wake hawana taa. Hana daftari la kona. Zote ziko kichwani.

Nenda Makutano usiuone huo mchezo mwingine: zile Hilux za miraa kutoka Meru, zinazopita Embu na Mwea zikiwa na mzigo mara mbili ya urefu wao, zikikimbilia ndege. Miraa ikinyauka imekufa. Ukisikia mlio wake unatoa mtoto barabarani kwanza, maswali baadaye. Na mashambani kwenyewe kuna vijana wa Probox wanaopita kwenye udongo mweusi wa Mwea wakati wa mvua, udongo ambao ukilowa unakuwa kama sabuni iliyopakwa mafuta. Wanapita na abiria tisa na kuku. Toyota imeshinda Safari Rally kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025. Sisi pia tuna Toyota. Tofauti ni helmeti.

Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu ni rahisi sana kuandika sifa tamu kuhusu mambo haya na kwenda kulala. Sisifu. Kijana tuliyekaa naye dawati moja shule ya msingi aliendesha kanta ya nyanya kwa miaka minne. Alikuwa na mikono ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Ungelala kwenye kiti cha abiria na usihisi gia ikibadilika. Alikufa usiku, chini ya lori lililoharibika ambalo lilikuwa limeegeshwa bila hata tawi la kuashiria. Alikuwa na miaka 24. Kwenye mazishi mhubiri alisema ni mapenzi ya Mungu. Vijana wenzake, kule nyuma karibu na sufuria, walisema, "Lakini huyo jamaa alikuwa anajua gari." Hiyo ndiyo ilikuwa medali yake.

Nchi hii inazika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani. Na kila mwaka, wikendi ya rali, tunawaonyesha vijana kwamba kasi ni utukufu, kisha tunawarudisha nyumbani kwenye barabara ya umma, usiku, wakiwa wamelewa kelele. Umeona ile misafara. Hatujawapa mahali popote pa kuipeleka hiyo njaa. Kijana wa Kagio mwenye kipaji cha usukani ana njia tatu: nyanya, miraa, au mbwembwe za barabarani na marafiki. Zote tatu zinaishia kwenye lami ile ile, na hakuna hata moja yenye mabomba ya chuma juu ya kichwa.

Wakubwa wa mchezo watanijibu kwamba mbona kuna mpango wa vijana. Ndiyo, ulikuwepo, na nitausifu kwa sababu ulistahili. McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome walipewa magari ya Rally3, na mwaka 2022 wakapelekwa kwenye mashindano ya dunia ya vijana. McRae aliendesha hadi kwenye theluji ya Sweden. Mkenya kwenye theluji, akamaliza! Hiyo ndiyo hoja yangu hasa: pesa zikiwekwa kwa dereva, dereva anafika. Lakini angalia pia kwamba McRae alipewa jina la bingwa wa rali siku aliyozaliwa, na babake, Phineas Kimathi, ni dereva wa zamani ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiongoza shirikisho la mchezo huu. Simlaumu kijana kwa kuzaliwa kwake, na gari haliendeshwi na jina. Nasema tu kwamba tulipotafuta vipaji tulitafuta pale ambapo taa tayari inawaka. Hakuna aliyekuja kuangalia nani anaingiza kanta Sagana saa nane usiku bila kuponda nyanya moja.

Watajibu tena kwamba rali inaleta watalii na pesa. Inaleta. Naivasha inauza nyama, hoteli zinajaa, hata jamaa wa nduthi wanapata. Mimi si mjinga wa hesabu, ingawa chuo niliacha mwaka wa tatu karo ilipokataa kutembea. Lakini kama sababu ya kutumia pesa za umma ni biashara ya hoteli, basi tuite jina lake: maonyesho ya utalii. Tusiite maendeleo ya michezo. Mchezo unakua pale mtoto anapoutazama Jumapili na Jumatatu ana mahali pa kujaribu.

Na watajibu kwamba huwezi kurudisha rali kwenye barabara za vijiji, watu watakufa. Hapo nakubaliana nao kabisa. Sitaki magari ya rali yapite katikati ya soko la Kagio. Steji zilizofungwa ndani ya mashamba makubwa na hifadhi zina sababu yake. Lakini kufunga barabara ili watu wasife ni jambo moja, na kuufunga mchezo wenyewe ili watu wasiingie ni jambo lingine. Wametumia sababu ya kwanza kufanya la pili.

Basi nataka nini? Si mengi, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

Nataka sehemu ya kila shilingi ya umma inayokwenda kwenye zile siku nne itengwe kwa madereva wa chini, iandikwe, itangazwe, tuione. Nataka daraja la magari ya kawaida yaliyotumika, yale yanayojaa kwenye gereji za Kutus na Karatina, yenye kanuni mbili tu: usalama usio na mzaha, na bei ambayo mafundi watatu wakichanga wanaweza. Joginder alishinda dunia nzima na mtumba. Sisi tumekuwa nani hata tuuonee aibu? Nataka kila kaunti ya mlima itafute uwanja mmoja, hata machimbo ya mawe yaliyoachwa, pachongwe mzunguko wa murram, pawe na ambulensi, pawe na mtu wa kushika saa, na Jumapili mara moja kwa mwezi vijana waje wapime mikono yao kihalali. Nanyuki imeshaona rali za kitaifa. Si kwamba mlima haujui mchezo huu. Na nataka skauti. Kwenye mpira wanatembea hadi shule za mashinani. Kwenye riadha kocha anaamka saa kumi na moja kuangalia watoto wakikimbia kwenye baridi ya Iten. Dereva pekee ndiye anayeambiwa ajilete mwenyewe, na gari lake, na milioni 12.

Mkiona ni mengi, basi fanyeni moja. Mwaka ujao, kabla ya bendera kupepea, njooni Kagio siku ya soko, saa mbili usiku, kanta zikipakiwa. Msije na kamera. Chagueni mmoja wa wale vijana, mkae kwenye kiti cha abiria, mfunge mkanda kama upo, mwende naye hadi Marikiti. Mkifika salama, na mtafika, mwambieni kwa macho makavu kwamba Kenya haina madereva.